Majibu ya Mama Joyeuse Yanakaa Wapi

Tatiana alifundisha sheria, Ngeleka alikuwa mtaalamu wa kompyuta, na chuo kiliwaunganisha kwa utafiti mmoja: watu wa Kolwezi wanajua nini kuhusu haki zao kwenye simu na mtandao? Asubuhi ya kwanza waliingia mtaa wa Kapata na tableti moja, wakabisha hodi kwenye nyumba ya kwanza ya safu ya tatu.

Mama Joyeuse, mshonaji na mjane wa mfanyakazi wa mgodi, akawapa viti, akasikiliza maelezo yote bila kuwakatiza. Tatiana alipomgeuzia tableti aguse palipoandikwa "Ninakubali", akaiacha mikono yake mapajani.

"Ngoja kwanza. Maneno yangu itaenda kukaa wapi?"

"Kwa seva, mama," Ngeleka akajibu haraka.

"Ile seva iko wapi?"

Ngeleka akatafuta kwenye tableti, asipate. Tatiana, aliyekuwa ameandika kurasa kumi na mbili juu ya ridhaa, naye hakujua. Wakampigia simu profesa aliyesimamia utafiti. Profesa akakohoa, akasema ataulizia.

"Basi muende mukaulize," Mama Joyeuse akasema bila hasira. "Mwaka ilipita, mutu moja alinipiga foto hapa, mi niko naanika manguo. Dada yangu wa Kananga akaiona kwa mutandao. Baliandika chini ya ile foto: 'Mwanamuke mwenye njaa.' Njaa gani? Ile siku nilikula bukari na samaki, nikashiba!"

Ngeleka akacheka, kisha akaona mama hacheki. Akainamisha kichwa.

Walibishana njia nzima.

"Ni nyumba moja tu," Ngeleka akasema. "Tuendelee na zingine."

"Na zingine zikituuliza?"

Ngeleka akatumia siku mbili kuandikiana na kampuni iliyowapa programu ya tableti, akiulizia seva. Tatiana akausoma mkataba wake mstari kwa mstari, akakuta kifungu kinachoiruhusu kampuni kubaki na nakala ya kila jibu.

"Nani alisaini hii?"

"Mi," Ngeleka akasema kwa sauti ndogo. "Nilibonyeza tu."

Wakaiacha ile programu. Ngeleka akatengeneza fomu nyingine, ya kutunzwa kwenye kompyuta ya chuo peke yake. Tatiana naye akaiandikia tovuti iliyobandika ile picha barua mbili zisizojibiwa, kisha ya tatu yenye vifungu vya sheria. Picha ikaondolewa.

Wiki ya tatu walirudi Kapata. Ngeleka akaeleza yote, hata kosa lake. Mama Joyeuse akacheka mpaka akashika mbavu.

"Weye mwenyewe, mutu wa mashini! Haya, aksanti kwa kusema kweli. Mukae."

Akaongea tangu saa tatu hadi saa nane. Tableti ikaisha chaji, Tatiana akamalizia kwa kalamu, vidole vikamuuma, na hakutaka mama anyamaze.

Walipotoka, jirani wa nyumba ya pili alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akiuliza kwa nini wamemkawiza yeye hivyo, ilhali naye ana ya kusema.