Pipa la Mzee Abasi

Mzee Abasi wa Njoro alikuwa analoweka ngozi za ng'ombe kwenye pipa la maji ya chumvi. Akishamimina chumvi, anachora mstari wa mkaa pale maji yalipofika, anafunika, anakwenda kuswali. Siku hiyo alipofunua asubuhi, maji yalikuwa yameshuka vidole viwili.

"Fikirini! Umechota maji, umeniibia chumvi!"

Wakati ule wa vita chumvi ilikuwa adimu kweli. Fikirini, mfanyakazi wake, alikuwa amemposa Shani, binti wa mzee, na jibu lilikuwa Ijumaa. Mzee akaapa: mwizi haoi kwake.

Fikirini akanikimbilia. "Kaka, wewe umesoma Makerere. Kamweleze."

"Sikumaliza, bwana."

"Hayo hayo uliyosoma yanatosha!"

Nikaenda. "Shikamoo, mzee. Hakuna mwizi. Chumvi ikiyeyuka, maji yanajibana kuizunguka. Vikichanganyika vinachukua nafasi ndogo kuliko vikiwa mbalimbali."

"Marahaba. Kwa hiyo wageni wakiingia kwangu, waliomo ndani wanapungua?"

"Mzee, nisikilize..."

"Nikusikilize wewe? Uliyeweka mayai ya kuchemsha chini ya kuku wangu, nikampelekea shehe nikidhani ni muujiza?"

Shani akacheka nyuma ya mlango. Fikirini alikuwa karibu kulia.

Nikatoa chupa. Mzee akaikataa. Akaleta ya kwake, akaisuuza, akatia chumvi ya jikoni kwake, akajaza maji mpaka shingoni. Nikamwambia aigonge mapovu yatoke, ndipo afunge uzi pale maji yalipofika. Akaziba, akatikisa, akatikisa, mpaka chumvi ikapotea.

Maji yakasimama chini ya uzi.

Akapapasa kitako cha chupa. Pakavu. Akamwaga, akaanza upya. Yakashuka tena. Akataka kurudia, mkewe Mwantumu akapiga kelele: "Baba Shani, mchuzi nitautia nini?"

Mzee akaketi.

"Fikirini, Ijumaa mlete mjomba wako tumalize mambo."

Fikirini akamwangukia miguuni. Mimi nikanyoosha mkono nipokee shukrani yangu.

"Wewe usikanyage hapa siku hiyo," mzee akaniambia. "Maji yangu hayakuwa na tabia hizi kabla hujaja."

"Mzee! Si yameshuka usiku, mimi niko kwetu nimelala?"

"Ndiyo ujue ulivyo mtundu."