Kichwa Kilichonyolewa kwa Mistari

Kinyozi alikuwa na maneno mengi, lakini maneno yake yalihitaji kichwa cha kuyaegemea. Mpe mteja kwenye kiti na mashine mkononi, atazungumza kuanzia bei ya saruji hadi ndoa ya jirani. Mwondolee hicho kichwa, anabaki bubu kama kiti chenyewe. Hata mkewe alimchumbia hivyo hivyo. Kila Jumamosi alimnyoa kaka wa binti huyo, dada mtu akiwa kwenye benchi, na yote aliyotaka yasikike benchini akakiambia kisogo cha kaka. Hadi posa inapelekwa, shemeji huyo alikuwa hana unywele wa kusingizia.

Binti yao wa miaka kumi na mmoja waliyemwita Sindano, kwa wembamba wake, alianza kupinda uti wa mgongo. Bega moja lilipanda kama linalotaka kusikia siri. Madaktari wa mifupa walimpasua, wakaunyoosha, wakamvika plasta kuanzia kwapani hadi nyongani, kisha wakamrudisha nyumbani na agizo: alale chali juu ya kitu kigumu, miezi mpaka watakapomwita, na kugeuzwa ageuzwe na watu watatu kwa pamoja, kama gogo. Kitanda chake kilikuwa kimebonyea katikati kama bakuli. Basi mlango wa chumba cha wazazi ukang'olewa, ukalazwa sakafuni sebuleni, godoro jembamba likatandikwa juu yake, na Sindano juu ya godoro. Wazazi wakabaki na pazia.

Wageni wakaja kutoa pole. Walimsimamia mtoto kichwani, wakasikitika, wengine machozi yakawadondoka hadi kwenye paji lake la uso. Haikupita wiki, Sindano akamwambia bibi yake, "Bibi, nimechoka kuongea na matundu ya pua."

Bibi huyo ndiye aliyemzaa kinyozi, na neno lake halikuwa na rufaa nyumbani humo.

"Kuanzia leo," akasema, "mwenye neno na mke mwenzangu ashuke chini alale naye. Anayesemeshwa kutoka juu ni maiti, na humu ndani hatuna maiti."

Akawa wa kwanza yeye mwenyewe. Kushuka alishuka vizuri. Kuinuka ndiko kulikotaka watu wawili.

Basi nyumba nzima ikalala. Mama mtu, aliyekuwa dobi, alirudi kazini mikono ikinukia sabuni na kujinyoosha ubavuni mwa bintiye. Mwalimu wa hesabu alikuja na tai yake shingoni, akalala chali mkekani, akashika ufagio na kufundisha sehemu kwa kuonyesha mbao za dari. Alipofika robo tatu akakoroma. Sindano akamalizia hesabu peke yake, akamwacha apumzike.

Akaja mwenye nyumba, ambaye kwa miaka alikuwa akiapa kwamba paa lake halivuji. Bibi akamwelekeza mkekani. Mzee akavua viatu, akalala, akajikuta anatazamana na doa la kahawia kubwa kama sinia.

"Hili ni la siku nyingi?" akauliza.

"Shikamoo," Sindano akasema. "Ni la zamani kuliko ugonjwa wangu."

Kesho yake fundi wa paa alikuwa juu ya nyumba anagonga.

Kila mtu alilala, isipokuwa kinyozi. Yeye akirudi kazini alisimama mlangoni mwa sebule, kofia mkononi, na kumuuliza mama yake, "Amekula?"

"Muulize mwenyewe. Si huyo hapo?"

"Kama amekula ni vizuri," kinyozi alikuwa akisema, na kupotelea nyuma ya pazia.

Si kwamba moyo wake ulikuwa mkavu. Siku ya upasuaji alikaa kwenye korido ya hospitali, mikono imelala mapajani kama ya mtu mwingine, na muuguzi alipomuuliza jina la mgonjwa akataja la kwake. Alikuwa na mengi ya kumwambia mtoto, ila hakujua uzi unaanzia wapi.

Kilichomshusha ni nywele. Kwa kulaliwa usiku na mchana, nywele za Sindano zilisokotana kisogoni zikawa zinamwasha.

"Nyumba ya kinyozi, mtoto ana kichaka," Bibi akasema. "Watu watadhani tunafuga ndege."

Kinyozi akaja na mashine, akasimama.

"Chini," Bibi akasema.

Akalala kwa ubavu, akakigeuza kichwa cha mtoto taratibu, akawasha mashine. Ilipoanza kunguruma, ulimi nao ukafunguka.

"Leo alikuja fundi bomba," akaanza. "Posta wamemnyima kifurushi, eti hafanani na picha ya kitambulisho. Akaniambia, ninyoe nifanane na picha. Nikamwambia, bwana wee, kwenye picha una nywele, na sasa huna. Akasema, ndiyo maana nimekuja kwa fundi."

Sindano akacheka hadi akashika plasta. "Baba, usinichekeshe. Humu ndani hamna nafasi."

Hapo akamsimulia na ile habari ya korido, na jina alilotaja.

"Ulitaja lako?" mtoto akauliza. "Wangekupasua wewe."

"Ningekubali."

Mashine ilikuwa bado inanguruma hewani, haigusi kitu.

Mkewe alipoingia alikuta Sindano ana mstari mmoja mweupe kuanzia kisogo hadi utosini, kwingine kote kichaka.

"Ndiyo umemaliza?"

"Kazi nzuri haitaki haraka," kinyozi akajibu. Alikuwa amepiga hesabu: nywele zikiisha na maneno yameisha.

Kesho yake akanyoa mstari wa pili, keshokutwa wa tatu, na kila mstari na stori zake. Kichwa cha Sindano kikawa kama shamba la mvivu. Majirani walidhani ni agizo la daktari. Mama mmoja wa nyumba ya pili, aliyesumbuliwa na kiuno, akaja kuomba anyolewe mistari miwili upande unaouma. Kinyozi akamnyoa. Baada ya siku chache yule mama akaleta mayai, akasema amepata nafuu.

Nywele hazikui kwa kasi ya maneno. Ikafika siku kichwa cha mtoto kikang'aa chote, na kinyozi akawa anazitupia macho nyusi.

"Baba, nyusi hapana," Sindano akasema.

Bibi akafungua kilemba chake, akalala katikati yao na mvi zake zote. "Haya, nyoa hiki. Niliyataka mwenyewe." Mvi zilipoisha, mkewe naye akajitoa. Miezi ikapita hivyo, hadi nyumba nzima ikawa na vichwa vya mayai, na Sindano akajua mambo yote ya mtaa bila kutia mguu nje.

Wakaitwa hospitali. Mtaalamu wa plasta akatoa msumeno mdogo wa umeme. Kinyozi alipousikia unanguruma karibu na mwanawe, akaanza kuzungumza na hakunyamaza mpaka gamba la mwisho lilipobanduka. Mtaalamu alimwomba mara mbili atoke nje. Akatoka, akaendelea kuzungumza dirishani.

Sindano akainuliwa, akasimama. Alikuwa ameongezeka urefu wa vidole vinne, na ukuta ulimzunguka kidogo kabla haujatulia. Akavalishwa koti gumu la plastiki, la kuvaa mwaka mzima. Nyumbani aliwakuta ndugu na mwalimu wake wamelala kwenye mikeka.

"Mbona mmelala?"

"Tunakusubiri," mwalimu akasema kutoka chini.

Kwa kuwa koti lilimzuia kuinama, aliwasalimia hivyo hivyo, mmoja mmoja, akiwa amesimama. Kisha akamgeukia baba yake. "Baba, nywele sasa naziacha ziote. Nataka kusuka."

"Sawa," kinyozi akasema.

Daktari alikuwa ameagiza mtoto atembee kila asubuhi, basi kulipokucha wakatoka pamoja kuelekea kibandani kwa kinyozi, Sindano akitembea kwa tahadhari kama aliyebeba maji kichwani. Wakapita duka la vitabu, wakapita fundi baiskeli, wote kimya. Kinyozi hakujua mikono aiweke wapi.

"Baba, unajua Bibi anaiba kwenye karata?" Sindano akasema. "Anazificha chini ya godoro langu."

"Amekuibia mara ngapi?"

"Mimi haniibii. Tulikuwa tunamwibia mwalimu."

Kinyozi akacheka, akamuuliza walimwibia vipi mtu mwenye digrii, naye Sindano akaanza tangu mwanzo. Kibandani wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi wanamsubiri. Waliwaona baba na binti wakija, wakawaona wakipita, na mmoja akainua mkono kuita. Hawakusikia. Hadithi ilikuwa haijafika hata katikati, na barabara ilikuwa bado ndefu.