Mama Mkwe Ndani ya Hodhi

Nicodemus Ooko alikuwa na kitu kimoja cha kujivunia katika nyumba yake ya mtaa wa Mabomani, Voi, nacho kilikuwa hodhi la kuogea. Si beseni, si karai. Hodhi jeupe, refu, lile ambalo mtu anajinyoosha ndani mpaka maji yakamfunika mabega. Alizaliwa kwenye kota za reli papo hapo Voi, familia kumi na mbili bafu moja, ukichelewa unaoga na povu la jirani. Basi alipojenga kwake, kabla hata hajatia vioo madirishani, alilileta hodhi lake kwa lori kutoka Mombasa, na majirani wakaja kulitazama kama bibi harusi.

Kujinyoosha humo alijinyoosha mara mbili tu. Maji ya mfereji Voi hayaji kila siku. Mtaani kwao yalikuja Jumatano na Jumamosi, tena saa yaliyojipangia yenyewe, na hodhi likageuka tangi. Ooko alikiziba kwa kitambaa kile kitundu cha juu cha kupunguza maji, ili lijae mpaka ukingoni. Maji yakishahamishiwa kwenye mapipa ya jikoni, watu waliingia hodhini na beseni na kopo, wakaoga wamesimama, kwa sababu sakafu ya bafu haikuwa na njia ya maji. Ukitaka kuoga, lazima upande ule ukingo.

Mkewe Branice alikuwa amesema mpaka akachoka. "Litoe tuweke shawa. Sakafu iwe chini, mtu aingie anatembea. Musyimi fundi amesema ni kazi ya siku mbili."

"Na hili tulipeleke wapi?"

"Popote. Hata ng'ombe wa Marungu wanywee."

Mara ya mwisho walizozana siku aliyofika mama yake Branice, Mama Nasambu, kutoka Kimilili. Mama alikuwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa limeshafungwa na ukungu, la kulia linafuata, na madaktari wa macho walikuwa wamempangia operesheni Jumatatu. Akiikosa hiyo, angengoja mwaka mzima, na jicho la kulia halikuwa na mwaka mzima. "Mtu asiyeona apande ukuta ule?" Branice aliuliza. Ooko akajibu, tena akajiona mwerevu, kwamba mama akishafanyiwa operesheni ataona pa kukanyaga, kwa hiyo shawa ingoje.

Hapa lazima nieleze jambo, la sivyo utamcheka Ooko bure. Kwa Wabukusu, watu wa Nasambu, mkwe na mama mkwe ni watu wa kupishana njia. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na Nasambu asingelala nyumba ya mkwewe hata kidogo kama si lile giza lililokuwa likimjia. Wajaluo, watu wa Ooko, nao hawana mzaha na hilo. Mkwe akimwona mama mkwe uchi, wanasema chira imeingia, ule ugonjwa wa kukonda mpaka kaburini unaofuata mwiko uliovunjwa. Mama hufunga virago siku hiyo hiyo akarudi kwao, na mlango ule hauingii tena. Ooko alikuwa fundi wa umeme, mtu wa kusoma na kuandika, na chira aliiogopa kama baba yake alivyoiogopa.

Kwa hiyo nyumba ile iliendeshwa kwa kikohozi. Ooko alikohoa kabla ya kuingia ukumbini. Nasambu alikohoa kabla ya kutoka chumbani. Habari zao zote zilipita kwa Branice.

Jumamosi Branice aliondoka alfajiri kwenda soko la Taveta kununua ndizi. Ooko akabaki. Akafanya lile ambalo kila mtu wa Voi hulifanya siku ya maji: akaziba tundu la hodhi kwa kizibo, akafungua bomba kavu mpaka mwisho, akaliacha hivyo, ili maji yakija yaingie yenyewe. Mama mkwe hakumwambia. Angemwambiaje? Mkwe hatamki habari za bafu mbele ya mama mkwe.

Saa nne asubuhi alikuwa uani akitengeneza pasi ya jirani aliposikia komeo la bafu likifungwa. Kwa adabu akainuka na pasi yake, akasogea mpaka langoni.

Akasikia kishindo. Kopo likabiringika.

Alirudi ndani mbio, akasimama ukumbini, akakohoa. Hata wakati huo alikohoa. "Mama?"

"Usije." Sauti ilitoka chini, ndani ya hodhi. "Nimeteleza. Usije."

"Umeumia?"

"Mkono. Na nyonga. Mwite Branice."

"Branice yuko Taveta, mama."

"Mwite mwanamke yeyote."

Ooko alitoka akamgongea Saadiya, jirani wa ukuta mmoja. Mlango ulikuwa na kufuli. Akampigia simu. Saadiya alikuwa Mwatate kwenye arusi ya mtoto wa dada yake, na nyuma yake matarumbeta yalikuwa yanalia. "Mngoje nusu saa, baba, nakuja na pikipiki," alisema. Nusu saa haikuwa mbaya. Ooko alirudi kumwambia mama hivyo, na alikuwa ameshafika ukumbini mabomba yalipoanza kukohoa ukutani.

Kila mtu wa Voi anaijua sauti hiyo na huifurahia. Siku hiyo Ooko hakuifurahia.

Maji yalikuja kwa nguvu ya siku tatu yalizozuiwa. Aliyasikia yakipiga bati la hodhi, kisha yakipiga maji wenzake. Nasambu akapiga kelele fupi. Maji ya asubuhi ni ya baridi.

"Mama, funga bomba. Liko miguuni pako."

"Silifikii."

"Chomoa kizibo."

"Nimekikalia. Mkono wa kulia umevunjika, na mguu umenasa chini yangu. Nikijiinua nateleza. Kuna sabuni."

Ooko alikimbilia mita nje. Koki ya mita haikuwa na mkono, wezi wa vyuma chakavu walishaukata tangu mwezi wa nne, na yeye alikuwa anaahidi kununua mwingine. Alileta plaiza, akauma ile ncha ya shaba, akazungusha. Haikusogea. Akazungusha kwa mikono miwili mpaka plaiza ikateleza ikamkata kidole, na ncha ikabaki laini, haina pa kushika tena. Akaiacha.

Akahesabu. Hodhi lake alilijua kuliko alivyojijua. Kwa maji ya nguvu lilijaa kwa dakika kumi na nane, na kile kitundu cha juu ambacho kingepunguza maji alikiziba kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama, navunja mlango."

"La."

"Maji yamefika wapi?"

Nasambu akasema, "Kifuani. Wewe ukiingia hapa, mimi nimeshakufa, na nyumba hii umeivunja. Ngoja yule mwanamke."

"Hatafika."

"Basi ngoja."

Watu wakiwa na shida ndogo ndogo za ada ya shule husema maji yamewafika shingoni. Ooko alikuwa anamsikia mtu ambaye kweli maji yanamfika shingoni, na mtu huyo anampa amri asimwokoe. Akampigia mkewe. Branice alipokea sokoni, akasikiliza, na hakulia. "Vunja," alisema.

"Anakataa."

"Nicodemus, vunja mlango. Jifunge macho. Chukua leso yangu kitandani, jifunge, uingie kama kipofu. Usimwangalie. Ukimwangalia hatakaa, unajua. Atarudi nyumbani leo na jicho lile litakufa."

Basi Ooko alichukua leso, ile nyekundu yenye michoro ya korosho, akaikunja mara tatu. Akachukua mtaimbo uani. Kwanza alivunja komeo, macho yake yakiwa wazi lakini yamekazia mbao tu, kisha akajifunga leso kwa nguvu mpaka akaona nyota. Akaingia kinyumenyume. Alikanyaga maji, maana yalikuwa yameshaanza kumwagika.

"Sioni, mama," alisema. "Nimejifunga. Nakuja."

Alisikia maji tu, na ndani ya maji pumzi fupi fupi za mtu aliyeinua mdomo juu.

Alipapasa ukuta, akapapasa ukingo, akalipata bomba, akalifunga. Kimya kilichofuata kilimtisha zaidi. Akapiga magoti, akaingiza mkono kutafuta kizibo, na mkono ukakuta goti, akaurudisha kama aliyeungua. Akauingiza tena. Aliomba kwa Mungu na kwa baba yake aliyekufa. Kizibo kilikuwa chini ya mtu, hakichomoki.

"Mama, itabidi nikuinue."

"Niinue," Nasambu alisema, na maji yakamwingia mdomoni akakohoa.

Ooko aliinama, akapitisha mkono chini ya makwapa, mwingine chini ya magoti. Nasambu alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na sabuni ilikuwa kila mahali. Alimwinua shibiri moja. Akateleza. Kichwa cha mama kikazama, na mkono wake mzima ukarushwa juu ukitafuta pa kushika, ukashika leso, ukaivuta.

Akaona.

Nami sitakueleza alichokiona, kwa sababu yeye hajamweleza mtu. Nitakwambia tu kwamba hakuona mwiko. Aliona mwanamke mzee anayezama. Na jicho la kulia la Nasambu, lile linaloona bado, lilikuwa wazi juu ya maji likimtazama usoni. Hapakuwa na leso tena. Walitazamana kwa muda wa pumzi moja, kila mmoja akijua mwenziwe anajua.

Kisha Ooko akafumba macho kwa nguvu zake zote, akamkumbatia mama mkwe wake kama anavyobebwa mtoto, akamtoa.

Alimfunika kwa taulo na kwa shuka na kwa pazia la ukumbini, chochote mkono ulichokuta, na hakufumbua macho mpaka alipokuwa amemlaza sakafuni na kugeuka ukutani. Akakaa hapo chini, akiwa amempa mama mgongo. Saadiya alipoingia na baibui yake ya arusi aliwakuta hivyo, akamsukuma Ooko nje, akaanza kazi ya kumvisha.

Hospitalini walisema kifundo cha mkono kimevunjika, nyonga imeumia lakini iko mahali pake. Walimfunga plasta. Ooko alikaa kwenye benchi la nje, nguo zikimkaukia mwilini. Alitoa simu akampigia Musyimi.

"Njoo utoe hodhi. Uweke shawa, sakafu iwe chini, na vyuma vya kushika ukutani."

"Sawa, nitapita wiki ijayo."

"Leo."

"Leo Jumamosi, bwana. Na nikilitoa haraka hivyo nitalivunja. Si ulisema ni la thamani?"

"Livunje," Ooko alisema, akakata simu. Alishangaa kwamba haikumuuma. Lililomuuma lilikuwa jingine, na hilo Musyimi hawezi kulitoa kwa nyundo.

Branice alifika saa tisa, vumbi la Taveta mpaka kwenye nyusi. Akampita mumewe bila kumsalimu, akaingia wodini, na Ooko akamfuata mpaka kwenye pazia la kitanda, akasimama upande wa huku kama inavyompasa mkwe. Alisikia mama na mtoto wakisemezana Kibukusu. Alisikia kilio kidogo, hakujua cha nani. Kisha Branice akageukia Kiswahili, makusudi, ili asikike pande zote mbili za pazia.

"Mama, nataka kujua kabla sijawapigia wajomba waje wakuchukue. Alikuona?"

Pazia halikutikisika. Muuguzi alipita na kigari cha dawa, magurudumu yakilia, akaenda zake.

"Muulize mume wako," Nasambu alisema.

Branice alifungua pazia kidogo akatoka, akalifunga nyuma yake. Alimtazama Ooko machoni. Walikuwa wameoana miaka kumi na mmoja, na kwa miaka yote hiyo, ugomvi wao ukiwa mkali namna gani, hakuna aliyemdanganya mwenziwe kwa jambo zito. Ooko aliliwaza hilo. Aliiwaza chira pia, na baba yake, na kwamba mwiko unaofichwa ndio unaoua, mwiko uliosemwa husafishwa kwa kondoo na wazee. Kama kuna wa kukonda, alijua ni yeye. Aliiwaza Jumatatu na lile jicho la kulia.

"Nicodemus. Ulimwona mama?"

"Nilikuwa nimejifunga leso."

"Hilo silo nililouliza."

"Sikumwona," Ooko alisema.

Branice aliendelea kumtazama, na yeye akaendelea kutazamwa, hakukwepa. Alijua atakuwa na uongo huu mezani na kitandani, na kwamba kuna mtu mmoja tu duniani anayeujua, na mtu huyo hawezi kukaa naye hata meza moja kuuzungumza.

Nyuma ya pazia Nasambu alikohoa, kama alivyokohoa siku zote kabla ya kutoka chumbani.

"Basi," alisema, "nitakaa mpaka Jumatatu."