Wezi wa Akaunti ya Mama

Watu wanaoandika programu za kompyuta wana uvivu wao wa pekee. Kazi ya dakika moja wakilazimika kuirudia, wako radhi kupoteza wiki nzima wakiunda kitu cha kuwafanyia. Binti wa fundi cherehani alikuwa mmoja wao, tena sugu. Lakini safari hii usimcheke, maana alikuwa na sababu.

Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa ameshona nguo tangu usichana wake, na sasa kutunga uzi kwenye sindano kulimtoa jasho. Jioni moja binti alimkuta akipapasa mshono kwa kidole gumba kujua kama umenyooka, na moyo ukamwuma. Hospitali ilikubali kumpasua, ila nafasi zilikuwa zimejaa hadi mwakani. Njia ya kuwahi ilikuwa moja tu, kuvizia. Mgonjwa akiahirisha, nafasi yake inatokea kwenye tovuti ya hospitali, na wa kwanza kuibonyeza ndiye mwenye nayo.

Na tovuti yenyewe, jamani! Ukikaa kidogo bila kubonyeza kitu inakutoa. Andika upya namba ya mgonjwa, andika upya neno la siri. Binti alifanya hivyo kazini, simu chini ya meza, mpaka bosi akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Ndipo akaandika programu. Aliielekeza mahali pa namba, mahali pa neno la siri na kitufe cha kuingilia, kisha ifungue ukurasa wa nafasi na kuchungulia. Kila baada ya muda mfupi iingie, ichungulie, itoke. Ikiona nafasi, imtumie ujumbe. Akaiacha kwenye kompyuta chumbani kwake, akaenda kazini kifua mbele. Mama hakuambiwa kitu. Binti hakutaka kumpa matumaini halafu yaote mbawa.

Siku mbili tatu mambo yalikwenda shwari. Kisha programu ikaanza kutupwa nje. Ikiingia tu, inatolewa, na maandishi yanasema akaunti imefunguliwa kwenye simu. Binti akashtuka. Simu yake si hii hapa mkononi? Basi kuna mtu ameiba neno la siri la mama, anataka kumpora nafasi yake! Akapiga simu hospitalini kumshtaki mwizi asiyemjua, na kabla hajajibiwa akaiongezea programu kasi. Ikitolewa, irudi hapo hapo. Tuone nani atachoka.

Kesho yake akaunti ikafungwa kabisa. Neno la siri si sahihi, umejaribu mara nyingi mno, fika hospitalini.

Nafasi ingeweza kutokea saa hiyo hiyo na mama asiwe na mlango wa kuingilia. Akaomba ruhusa kazini, akamchukua mama yake, wakaenda.

Karani wa wagonjwa, mtu mzima mwenye kalamu sikioni, aliangalia kompyuta yake, akamwangalia mama, akamwangalia binti.

"Nyinyi mnaishi nyumba moja?"

"Moja," mama akajibu. "Kwani vipi?"

"Nina mashtaka mawili hapa. Binti kapiga simu, kuna mwizi anamtoa kwenye akaunti. Mama naye kapiga simu, kuna mwizi anamtoa kwenye akaunti." Akakohoa kidogo. "Sasa wezi wenyewe ndio hawa nawaona."

Binti akamgeukia mama yake. "Mama! Ni wewe?"

"Kila nikimaliza pindo nafungua simu nachungulia. Herufi nimezikuza mpaka zinajaa kioo. Nikiingia, natolewa. Nikaona mwizi huyu ana kichwa kigumu, nikabadilisha neno la siri."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

"Sikutaka upate matumaini ya bure."

"Na mimi sikutaka ujue nina hofu," mama akasema polepole. "Nina hofu, mwanangu. Asubuhi nyingine nakujua kwa sauti tu."

Binti alilia pale pale dirishani, bila kujali foleni, huku akiungama habari ya programu aliyoiacha chumbani. Karani akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Nimewafungulia," akasema baadaye. "Kuchungulia si kosa, mama. Kugongagonga mlango ndiko kosa. Huyo mdudu wako wa kompyuta, binti, mfundishe ustaarabu. Na nafasi aibonyeze mgonjwa mwenyewe."

Kosa lilikuwa la binti na alilijua. Programu yake ilikuwa inaingia upya kila mara, wakati tovuti iliruhusu mtu mmoja tu ndani. Akaiandika tena. Sasa iliingia mara moja asubuhi, ikatunza ruhusa iliyopewa, ikabaki ndani ikichungulia taratibu. Kompyuta akaihamishia kando ya cherehani ili ikiona nafasi ilie, na juu ya kitufe cha kukubali kwenye kibodi akabandika kifungo cha koti, mama akipate kwa kupapasa.

"Ikilia, bonyeza hapo. Simu usiiguse."

"Na wewe ya kwako usiiguse," mama akamjibu.

Binti alikuwa kikaoni mama alipopiga simu. Alitoka ukumbini bila hata kuomba radhi.

"Imelia," mama akasema.

"Umebonyeza?"

"Nimebonyeza."

"Tarehe gani?"

"Nitajuaje? Maandishi madogo hayo. Nimekubali tu, wewe ndiye utanisomea."

Binti akafungua ukurasa kwenye simu yake. Alisoma, akarudia kusoma.

"Jumatatu, mama."

"Jumatatu ya lini?"

"Hii hii. Hii inayokuja."

Binti alimsikia mama yake akivuta pumzi, akivuta makamasi, akijaribu kuficha vyote viwili.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Siku watakayonifungua bandeji, uje umevaa nguo ya rangi. Rangi kali. Na usiniambie ni rangi gani."