Miche Elfu Nne, Mama Mmoja

Niliisoma barua ya maabara mara tatu, nikidhani macho yananidanganya. Majani waliyopima, ya miche themanini kutoka kila kona ya kitalu changu, yalionyesha mama mmoja. Si wawili. Mmoja! Na miche yenyewe ni elfu nne, imejipanga kwenye vifuko vyeusi, afya tele, inasubiri mvua ya wiki ijayo.

"Ndugu tupu," mtaalamu wa vinasaba aliniambia kwenye simu, bila hata salamu. "Ukiipanda kwenye ushoroba itazaana yenyewe kwa yenyewe. Wajukuu watakuwa dhaifu, mbegu nyingi hazitaota. Hapo utakuwa umeunganisha nini?"

Jamani! Miaka sita nahangaika na ushoroba huu, njia ya miti ya kuunganisha misitu miwili. Msitu wa juu na msitu wa chini imetenganishwa na mashamba, chavua ya huku haifiki kule. Nimewabembeleza wenye mashamba mmoja mmoja watuachie ukanda wa kupanda miti, nimekunywa chai zao mpaka tumbo likaniuma. Wamekubali kwa msimu huu tu. Tusipopanda, wanalima mahindi.

Na mkusanya mbegu ni nani? Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Nilimpa mifuko thelathini na ramani ya miti ya msitu wa juu, nikamwelekeza kama mtoto: mti mmoja, mfuko mmoja. Akarudi nayo yote imejaa, nikamsifu mbele ya watu. Kumbe alijikalia chini ya mti mmoja akijaza mifuko huku anapiga miluzi! Nilimfuata nyuma ya kitalu damu ikinichemka. Alikuwa anachekecha udongo.

"Shemeji, ulichoka kutembea au ulinidharau tu?"

Aliweka chekeche chini. "Majibu yamekuja?"

"Yamekuja! Ile miti mingine ishirini na tisa iko wapi?"

"Haipo."

"Haipo vipi? Kwenye ramani ipo."

"Ramani ya lini, shemeji? Nimezunguka msitu wa juu siku nane. Visiki vitupu. Umebaki mmoja, umeota juu ya jabali, wenye misumeno hawakuufikia."

Nilikaa kwenye toroli. Hasira ilikuwepo bado, ila haikuwa na pa kwenda.

"Msitu wa chini miti ipo mingi," nilisema. "Ungeniambia, ningekutuma huko siku ileile! Kwa nini ulininyamazia?"

"Sikunyamaza. Nilikupigia siku ya tatu, nikakwambia huku kuna shida ya miti. Hukuniacha nimalize. Ulisema umechoka na visingizio vyangu, unataka mifuko thelathini, la sivyo nisirudi kitaluni."

 Maneno yale yalikuwa yangu kabisa, hata ukali wake niliutambua.

Alisubiri nimgombeze. Mimi nilitoa simu, nikampigia mwenye shamba la kwanza, nikamwambia hatupandi msimu huu, alime mahindi yake.