Timazi Juu ya Ghorofa ya Tisa

Daktari wa macho alimvika mwashi mstaafu fremu ya majaribio, akamgeuza aelekee dirishani. Mtoto wa jicho alikuwa ameufunika ulimwengu wa mzee kwa utando wa rangi ya chai ya maziwa. Isitoshe, kioo cha mbele cha jicho lake kilikuwa kimepinda.

"Kidogo tu," daktari alisema. "Lenzi ya kawaida itakutosha, ila mistari haitanyooka sawasawa. Ipo ya mbali na karibu, lakini taa za usiku utaziona zimezungukwa na duara. Na ipo inayonyoosha huo mpindo, ila kusoma utahitaji miwani."

"Chukua ya mbali na karibu, Baba," binti yake alisema. "Uache kunituma miwani kila saa."

Daktari alizungusha kioo polepole kwenye fremu. Jengo la ghorofa tisa ng'ambo ya barabara likanyooka. Juu ya paa lake, hewani, Timazi alikuwa anajenga.

Timazi alikuwa mwashi mwenzake, na jina hilo, la uzi wenye uzito wa kupimia wima wa ukuta, alipewa kwa kuwa ukuta wake haukuhitaji kupimwa. Miaka thelathini na moja iliyopita alianguka kutoka kwenye jukwaa la jengo lile lile, akafa. Kampuni ya ujenzi iliandika kwamba ametoroka kazini. Mkewe hakupata hata barua ya pole. Sasa Timazi alikuwa amefika ghorofa ya arobaini na ushei. Kuta zake zilipenya mawingu, na hakuna tofali lililokwenda upande hata unywele. Mzee alivua kofia, akaishika kifuani.

"Daktari, unamwona yule?"

"Mimi simwoni. Wenye lenzi hii humwona. Kumwona hakuzuii kidonda cha upasuaji kupona."

"Basi niwekee hii."

"Na miwani, Baba?"

"Nitajitafutia, mama."

Upasuaji ulichukua dakika ishirini. Wiki ya tatu, baba na binti walikwenda ofisi ya kampuni. Karani wa kumbukumbu, mwanamke wa makamo mwenye lenzi kama ile, alichungulia nje, akaitikia kwa kichwa.

"Kweli, yuko kazini. Hajakosa hata siku moja."

"Basi futa hilo neno 'mtoro'."

"Fomu inataka sahihi yake mwenyewe."

"Mtu amekufa, dada yangu."

"Ndiyo maana hajasaini," karani alisema kwa upole, akalirudisha faili kabatini.

Nje, mzee alisimama kando ya barabara, shingo nyuma, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta. Binti, ambaye hakuona ila anga, alimshika kiwiko.

"Anafanya nini sasa?"

"Ameanza ngazi."

"Za kushuka?"

Mzee alifuata vidato kwa macho.

"Za kupanda," alisema.