CD Isiyogusa Diski

Nianze na kosa, kwa sababu ni langu na sipendi mtu mwingine anisimulie. Mwaka 2005 nilikuwa mchapaji katika steshenari ya Mzee Mustapha, Mrangi wa Kondoa aliyehamia Dodoma, na nilijiona najua kompyuta kuliko mtaa mzima. Ukweli ni kwamba nilijua kuchapa, kutoa kopi na kuwawekea wateja kazi zao kwenye CD. Basi.

Kompyuta ile ilikuwa ya marehemu mke wake, Bi Mwajabu, mkunga. Kwa miaka thelathini alizalisha wanawake wa vijiji vya milimani Kondoa, na kila mtoto alimwandika kwenye daftari: jina, mama yake, siku, na kama mvua ilinyesha. Mchwa walipoanza kula madaftari, akayachapa yote kwa vidole viwili, kisha akayachoma moto. Watoto mia sita na kumi na wawili. Wengi wao hawakuwa na cheti, kwa hiyo mtu akitaka kujua umri wake alikuja kwetu, nikamtolea mstari wake. Orodha nzima hakuna aliyewahi kuichapisha.

Siku moja Windows ikagoma kuwaka. Fundi Castory akaitazama mashine, akatoa dawa yake ya siku zote: kupiga fomati, yaani kufuta diski yote na kuanza upya.

"Na majina?" Mzee Mustapha akauliza.

"Yataondoka, mzee wangu."

Mzee akakaa kitini. Sikuweza kumtazama. Nikamkumbuka Iddy, mwanafunzi wa chuo, mteja wetu, aliyekuwa akitembea na CD ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na kuihubiri kama dini mpya. Nikampigia, na kesho yake asubuhi akaja.

"Shikamoo mzee. Usiwe na hofu, haisakinishwi," akasema. "Inaendeshwa kutoka kwenye CD yenyewe. Haigusi diski yako. Ukizima, ni kama haikuwahi kuingia."

CD ikanguruma dakika tano, ikatokea skrini ngeni ya rangi ya udongo. Iddy akafungua diski, na faili la Bi Mwajabu likawa pale pale. Mzee akasoma majina matatu kwa sauti, akavua miwani. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi.

Iddy alikuwa na mtihani saa nne. "Dada Joha, linakili mahali salama kabla fundi hajaja," akaniambia, akaniachia CD.

Mahali salama! Kwetu dukani, kazi ikiwa kwenye CD iko salama. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote. Nikalivuta faili mpaka kwenye ile skrini ya Linux, nikalifungua kulihakiki, likafunguka. Niliona ni kama nimeshahamishia vyombo kwa jirani kabla nyumba haijabomolewa. Nikazima, nikatoa CD, nikaandika juu yake kwa kalamu nzito: MAJINA.

Castory alipokuja aliuliza mara mbili kama tumeweka kopi. Mara ya pili nikapandisha sauti: "Mwenye macho haambiwi tazama, fundi. Piga fomati."

Akapiga.

Jioni nikaiwasha mashine kwa ile CD nimwonyeshe mzee. Skrini ya udongo ikaja, safi, haina kitu. Nikazima, nikawasha tena. Nikampigia Iddy. Akasema taratibu: "Dada, ile CD haiandikiki. Uliliweka kwenye kumbukumbu ya muda ya mashine. Ulipozima likapotea." Alikuja, akachimba diski siku mbili, akapata vipande visivyosomeka.

Nilimwambia mzee mwenyewe, nimepiga magoti sakafuni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nilitamani anifukuze, maana ningelia nikaenda zangu. Akavuta kiti karibu na mashine.

"Inuka. Kaa hapa, uchape."

Nikakaa. Akanitajia bila kusita: Nurdini, Jumatatu, mvua kubwa. Shamimu, mwezi wa Ramadhani, jua kali. Miraji, Ijumaa, manyunyu. Zaituni, Alhamisi alfajiri, upepo.

Nikachapa, vidole tayari, nikingoja wa tano.

"Hao ni watoto wangu mwenyewe," Mzee Mustapha akasema. "Wa watu aliwajua yeye."